Kinga ya Mashine: London na Mabishano Juu ya Mkono wa Mfanyakazi

Waswahili husema ajali haina kinga. Methali hii hutamkwa msibani, wodini na kando ya barabara, na kazi yake ni kumwondolea lawama aliyefikwa na jambo. Katika karakana, hata hivyo, neno kinga lina maana nyingine kabisa. Kinga ni kipande cha bati, wavu au chuma kinachofunika meno ya gia, mkanda au msumeno ili mkono usifike. Hupimwa kwa inchi, hufungwa kwa bolti, na hugharimu fedha. Historia ya mikono iliyokatwa na mashine huko Uingereza ni historia ya mvutano baina ya maana hizo mbili, na uwanja mkuu wa mvutano huo ulikuwa London. Si kwamba London iliishinda miji mingine kwa wingi wa mashine. Vinu vikubwa vya pamba na sufu vilikuwa kaskazini, Lancashire na Yorkshire. Lakini London ndiko kulikokuwa na Bunge, mahakama kuu, wachapishaji na hospitali zenye sifa, na kwa hiyo mkono uliopotelea Manchester au Leeds ulipelekwa London kujadiliwa.

Mmojawapo wa watu wa kwanza waliosababisha mjadala huo alikuwa William Dodd. Alizaliwa Kendal mwaka 1804, akaingia kazini akiwa na umri wa miaka mitano hivi, na utoto wake ukapita katika vinu vya sufu akiunganisha nyuzi zilizokatika mbele ya mashine isiyosubiri. Kazi hiyo hufanywa kwa kuegemea goti moja na kusukuma kwa upande mmoja wa mwili, saa nyingi kila siku, na kabla hajabaleghe miguu yake ilikuwa imekwisha kupinda. Alipokuwa mtu mzima alihamia London kutafuta riziki ya kalamu. Huko kifundo cha mkono wake wa kulia kikavimba, kikakataa dawa, na mwaka 1840 madaktari wa hospitali ya St Thomas wakamkata mkono. Dawa ya usingizi ilikuwa bado. Miaka sita zaidi ingepita kabla ya Robert Liston kumkata mgonjwa mguu chini ya etha katika hospitali ya University College, mwezi Desemba 1846. Dodd aliandika baadaye kwamba mifupa ya mkono ule, ilipochunguzwa, ilikutwa imeliwa kwa ndani.

Kisa chake kilichapishwa London mwaka 1841, naye akajiita waziwazi kilema wa kiwandani. Lord Ashley, mbunge aliyekuwa akipigania kupunguzwa kwa saa za kazi, alimwajiri azunguke miji ya kaskazini na kumwandikia barua juu ya hali ya wafanyakazi. Barua hizo zikawa kitabu mwaka 1842. Kisha, Machi 1844, wakati Bunge likijadili muswada mpya wa viwanda, John Bright alisimama kumshambulia Dodd: kwamba maneno yake hayaaminiki, kwamba alilipwa, kwamba waajiri wake wa zamani walimtendea wema naye akawalipa kwa kashfa. Bright mwenyewe alitoka katika ukoo wenye vinu vya pamba. Ashley akajitenga na mtu wake. Dodd akavuka bahari kwenda Marekani, na kitabu chake cha mwisho kikatoka Boston mwaka 1847.

Inafaa kulitazama jambo hili kwa makini, kwa kuwa mkono wa Dodd haukuingia katika gia yoyote. Uliozeshwa na kazi polepole, kwa miaka mingi. Bright hakuhitaji kubisha kwamba mkono haupo. Ilimtosha kuhamisha mazungumzo kutoka kwenye mkono hadi kwenye ulimi wa mwenye mkono. Mtindo huo wa kujibu swali la mashine kwa kuhoji tabia ya aliyeumizwa ungerudi tena na tena kwa zaidi ya karne moja, na waliokuja kuutumia baadaye hawakuwa na ufasaha wa Bright.

Mwaka huohuo wa 1844 Bunge lilipitisha sheria ya kwanza iliyoamuru mashine zizungushiwe kinga. Ilihusu viwanda vya nguo peke yake. Magurudumu makubwa ya injini, gia na mihimili ya kupitishia nguvu vilitakiwa kufunikwa. Watoto na vijana walikatazwa kusafisha mashine ikiwa katika mwendo. Na ajali yoyote iliyomzuia mtu kurudi kazini kufikia saa tatu asubuhi ya kesho yake ilipaswa kuripotiwa kwa daktari aliyeteuliwa. Kwa wakaguzi wa viwanda, ambao walianzishwa na sheria ya 1833 wakiwa wanne tu kwa nchi nzima, hii ilikuwa silaha mpya.

Ili kuelewa kilichobishaniwa baada ya hapo, ni lazima kujua jinsi kinu cha wakati ule kilivyoendeshwa. Injini ya mvuke ilikuwa chini. Nguvu yake ilipanda kwa mhimili wa wima hadi kila ghorofa, kisha ikasambazwa na mihimili mirefu ya chuma iliyolala karibu na dari, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Juu ya mihimili hiyo kulikuwa na magurudumu, na kutoka kila gurudumu mkanda wa ngozi ulishuka hadi kwenye mashine. Mhimili uliopigwa msasa ukazunguka kasi huonekana kama umetulia. Jicho halina pa kushika. Mkanda ukiteleza kutoka kwenye gurudumu hubaki ukining'inia juu ya mhimili, na mtu hupanda ngazi kuurudisha, kwa kuwa kusimamisha injini ni kusimamisha ghorofa zote. Ikitokea mkono wa shati, ncha ya aproni au mkanda wenyewe umenaswa, mhimili humviringisha mtu kama uzi kwenye kibia. Mkono katika ajali hizo haukukatwa kama kwa kisu. Uling'olewa begani, au mwili mzima ulipigwa darini mara nyingi kadiri mhimili ulivyozunguka kabla mtu hajakimbia kufunga mvuke.

Wenye viwanda walikubali, kwa kunung'unika, kufunika sehemu zilizo chini. Za juu, walisema, hazihitaji: mhimili ulio zaidi ya futi 7 kutoka sakafuni umekwisha kujikinga kwa kimo chake. Wakaguzi walijibu kwamba wanaouawa na mihimili hiyo si wapita njia bali ni wale wanaopanda ngazi kwa kazi. Mwanzoni mwa 1854, Palmerston akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ilitolewa amri kwamba kila mhimili ufunikwe, uwe juu au chini. Hapo ndipo moto ulipowaka. Mwaka 1855 wenye viwanda waliunda chama chao mjini Manchester, wakachanga fedha za kuwatetea wanachama watakaoshtakiwa.

Upande wa pili wa mabishano ulikuwa na ofisi London, mtaa wa Wellington, karibu na Strand. Huko Charles Dickens alihariri gazeti la kila wiki lililoitwa Household Words, na mmoja wa waandishi wake, Henry Morley, alikuwa na desturi ya kusoma taarifa za wakaguzi wa viwanda, nyaraka ambazo watu wengi wa London hawakuzigusa. Aprili 22, 1854, Morley alichapisha makala ya kwanza juu ya wale wanaosagwa vinuni. Hakutunga visa. Alichukua ajali zilizokwisha kuandikwa na wakaguzi kwa lugha kavu ya serikali, akazipanga moja baada ya nyingine hadi msomaji akose pumzi. Makala nyingine zikafuata mwaka 1855. Katika moja yake alishughulikia hesabu za chama cha Manchester, kilichodai kwamba waliokufa kwa mihimili ni sehemu ndogo mno ya maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi. Jibu la Morley lilikuwa kwamba kwa hesabu ya namna hiyo hata mauaji na wizi wa kuvunja nyumba ungeweza kuonekana si kitu, maana wengi wa raia hawauawi na nyumba nyingi hazivunjwi. Dickens naye, ambaye hakujua kutukana kwa upole, alikibatiza chama kile jina la chama cha kitaifa cha kulinda haki ya kuwakatakata wafanyakazi.

Aliyejibu kwa niaba ya wenye viwanda hakuwa mwenye kiwanda. Alikuwa Harriet Martineau, mwandishi mashuhuri, adui wa utumwa, mwanamke aliyeishi kwa kalamu yake akiwa kiziwi tangu ujana, na ambaye mwenyewe alikuwa ameliandikia gazeti la Dickens. Mwaka 1855 aliamini kwamba moyo wake unakaribia kusimama, akawa anaandika tawasifu yake kwa haraka. Akaishi miaka 21 zaidi. Katika hali hiyo aliandika kijitabu kuionya nchi dhidi ya sheria zinazojiingiza mahali pasipo pake. Jarida moja la London lilikataa kukichapisha, nacho chama cha Manchester kikakitoa. Hoja yake ilikuwa kwamba ajali nyingi hutokana na uzembe na utani wa wafanyakazi wenyewe, kwamba mhimili ni jambo la wahandisi si la wanasiasa, na kwamba Dickens na Morley walikuwa wamewachafulia jina watu waungwana kwa takwimu wasizozielewa. Gazeti likamjibu Januari 1856.

Ni rahisi leo kumpa Dickens ushindi na kumwacha Martineau katika aibu, lakini mambo hayakuwa meupe hivyo. Martineau alikuwa na hofu ya kweli: kwamba serikali ikianza kumlinda mtu mzima dhidi ya kazi yake, kesho itamnyima mwanamke kazi kwa kisingizio cha kumlinda, na katika hilo historia haikumkanusha kabisa. Dickens naye alikuwa na mipaka yake. Wakati Morley akichapisha makala ya kwanza, gazeti lilelile lilikuwa likitoa kwa sehemu riwaya ya Dickens, Hard Times, kuanzia Aprili hadi Agosti 1854. Katika riwaya hiyo, Stephen Blackpool aliandikiwa maneno juu ya mdogo wake Rachael, mtoto aliyeng'olewa mkono na mashine, na pembeni pakatiwa rejeo la makala ya Morley. Mwandishi akalifuta fungu hilo lote katika prufu. Prufu hizo zimehifadhiwa London, katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Kwa kufutwa maneno hayo, hasira ya Stephen haina tena chanzo, na wahakiki wengi wamemlaumu Dickens kwa kuchora mfanyakazi mpole kupita kiasi bila kukumbuka kwamba mhusika huyo aliwahi kuwa na sababu ya kutokuwa mpole.

Bungeni ushindi ulikwenda Manchester. Sheria ya 1856 ilipunguza wajibu wa kinga hadi sehemu ambazo wanawake, vijana na watoto wangeweza kugusana nazo, na mabishano juu ya sehemu nyingine yakapelekwa kwa wasuluhishi, yaani kwa watu waliozoea kuunda mashine na si kuzitumikia. Leonard Horner, mkaguzi mkongwe kuliko wote, alipinga kwa maandishi mpaka alipostaafu mwaka 1859. Kurasa zake zilisomwa kwa shauku na mhamiaji mmoja wa Kijerumani aliyeshinda katika maktaba ya British Museum; sura ya Karl Marx juu ya mashine isingeweza kuandikwa bila wakaguzi hao wa serikali ya kibepari.

London yenyewe, muda huu wote, ilikuwa nje ya sheria iliyoandikwa ndani yake. Matbaa zake, karakana zake za kufunga vitabu, viwanda vyake vya karatasi na tumbaku viliingizwa katika sheria za viwanda mwaka 1867. Viwanda vya udobi vilingoja mpaka 1895. Jambo hili la udobi ni la pekee. Acton, magharibi mwa mji, palijaa viwanda vya kufulia hata watu wakapabandika jina la kisiwa cha povu la sabuni. Shuka zilizofuliwa zilipigwa pasi kwa mashine ya silinda zenye moto zinazozunguka zikigusana, na msichana alisimama mbele akizilisha kwa vidole. Silinda hazitofautishi shuka na kidole. Aliyenaswa aliungua na kusagwa kwa wakati mmoja, na mara nyingi hapakuwa na cha kuokoa isipokuwa kwa kukata. Kinga ya mashine hiyo ni kitu kidogo cha ajabu: ufito unaowekwa mbele ya silinda, ukiacha nafasi inayopitisha kitambaa na kukizuia kidole. Wakaguzi wanawake, ambao wa kwanza wao, May Abraham na Mary Paterson, waliteuliwa mwaka 1893, ndio waliokwenda kuuangalia ufito huo kiwanda baada ya kiwanda. Sheria ya 1895 hata hivyo iliruhusu mwanamke wa udobi afanye kazi saa 14 kwa siku moja, mradi wiki isizidi saa 60. Saa ya kumi na tatu, kidole hakijui tena kilipo.

Nyuma ya haya yote lilikuwako swali la fidia, na hapo mahakama ziliwatangulia wabunge kwa ukatili. Mwaka 1837, katika kesi ya kijana aliyevunjika paja kwa kuangukiwa na gari la bwana wake mchinjaji lililojazwa nyama kupita kiasi, Lord Abinger aliamua kwamba mtumishi hawezi kumdai mwajiri kwa madhara ya namna hiyo. Kutoka hukumu hiyo lilikua fundisho kwamba mfanyakazi, kwa kukubali kazi, amekubali pia uzembe wa wenzake. Fundi aliyesahau kurudisha kinga alikuwa mwenzake. Basi aliyepoteza mkono hakuwa na wa kumdai ila fundi huyo asiye na kitu. Fundisho hilo liliishi miaka 111, hadi lilipozikwa na sheria ya 1948.

Lilichimbwa chini mapema kidogo. Sheria ya fidia ya 1897, iliyosukumwa na Joseph Chamberlain, ilisema kwamba aliyeumia katika reli, kiwanda, mgodi au machimbo alipwe nusu ya mshahara wake, isiyozidi pauni moja kwa wiki, bila kuuliza nani alikosea, ila akionekana kufanya utovu mkubwa wa makusudi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa, katika jengo lake la Strand, ilisikiliza kesi dhidi ya Lord Wimborne, mwenye kiwanda cha chuma cha Dowlais huko Wales. Kijana mmoja alikuwa amenaswa mkono katika gia zisizo na kinga, nao ukakatwa. Wakili wa Lord Wimborne alitoa hoja ya kisheria iliyo safi: sheria ya viwanda imekwisha kuweka faini isiyozidi pauni 100, basi faini hiyo ndiyo adhabu, na kijana hana haki ya kudai zaidi. Majaji walikataa. Wajibu wa kinga, walisema, uliwekwa kwa ajili ya mfanyakazi. Ukivunjwa, yeye mwenyewe anaweza kudai. Kijana akabaki na pauni 150 alizokuwa amepewa na baraza la wazee wa mahakama. Kwa muda wa miaka 115 iliyofuata, aliyekatwa kidole na mashine isiyofunikwa hakuhitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Ilimtosha kuonyesha kwamba kinga haikuwapo.

Hukumu zilizotoka London katikati ya karne ya ishirini ziliupeleka wajibu huo mbali kuliko wabunge walivyokusudia. Sheria ya viwanda ya 1937 ilisema sehemu yoyote ya hatari ya mashine izungushiwe kinga imara. Mwaka 1955 Baraza la Malodi liliamua kesi ya mfanyakazi wa kampuni ya chuma ya John Summers aliyeumia kidole gumba kwenye jiwe la kunolea linalozunguka kwa nguvu ya umeme. Kampuni ilisema jiwe likifunikwa lote haliwezi kunoa kitu. Malodi wakajibu kwamba kama sheria inaifanya mashine isitumike, basi isitumike, hadi waziri atunge kanuni. Waziri alizitunga kanuni za mawe hayo mwaka 1970. Na mwaka 1965 Mahakama ya Rufaa ilikutana na kesi ya mtu aliyempanda njiwa mashine. Mfanyakazi wa kiwanda cha saruji aliingia mahali ambapo hakuwa na kazi, akamwona njiwa, akainama juu ya mhimili unaozunguka ili amkamate, na mhimili ukauchukua mkono wake. Hapo mwajiri angetegemea kuachiliwa. Majaji waliona kwamba mtu huyo alistahili lawama kwa asilimia 80, lakini asilimia 20 ikabaki kwa mwenye mhimili, kwa kuwa kinga haiwekwi kwa ajili ya mwenye hekima peke yake. Martineau alikuwa ametumia uzembe wa mfanyakazi kama hoja ya kuondoa kinga. Miaka 110 baadaye uzembe huohuo ulitajwa kuwa sababu ya kinga kuwekwa.

Wakati huo mashine zilikuwa zimeshatoka viwandani na kuingia dukani na jikoni. Sheria ya ofisi na maduka ya 1963, na amri iliyotolewa chini yake mwaka uliofuata, zilitaja mashine za hatari ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzitumia bila kufundishwa: mashine ya kusaga nyama, ya kukata nyama vipande vyembamba, ya kukanda unga, msumeno wa duara, na nyinginezo. Mashine hizi ndizo ambazo wahamiaji wengi wa London, Waafrika Mashariki wakiwemo, wamekutana nazo katika kazi zao za kwanza mjini, aghalabu zamu ya usiku, na mafunzo yakiwa ni dakika chache za kuonyeshwa na aliyetangulia.

Bima ya taifa iliyoanza Julai 5, 1948 iligeuza kiungo kuwa asilimia. Jedwali lake lingali likitumika, na kulisoma ni kama kusoma bei sokoni. Mikono yote miwili, 100. Mkono mmoja, 60. Kidole gumba, 30. Vidole vinne vya mkono mmoja, 50. Kidole cha shahada kizima, 14. Cha kati, 12. Cha pete au cha mwisho, 7. Ncha ya kidole cha shahada bila kupoteza mfupa, 5. Tangu mwaka 1986, mwenye ulemavu usiofika asilimia 14 hapati malipo ya kawaida ya mfuko huo. Anayekatwa kidole cha shahada amefika mlangoni. Anayekatwa cha kati amebaki nje kwa asilimia mbili. Jedwali halimuulizi mwenye kidole kama ni mshonaji, mpiga gitaa au fundi wa saa.

Baada ya hapo njia ilianza kurudi ilikotoka. Kamati ya Lord Robens, mwaka 1972, ilitangaza kwamba chanzo kikubwa cha ajali kazini ni watu kutojali, jambo la kushangaza kutoka kwa mtu aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya makaa ya mawe wakati kifusi cha mgodi kilipoifunika shule ya Aberfan mwaka 1966. Sheria ya 1974 iliyozaliwa na kamati hiyo ilifanya mengi mema, ikawaingiza chini ya ulinzi mamilioni ya watu ambao sheria za viwanda hazikuwajua. Lakini mwaka 2013 Bunge lilipitisha sheria ya kuwapunguzia wafanyabiashara mzigo, na kifungu chake cha 69, kilichoanza kutumika Oktoba 1 mwaka huo, kiliondoa haki iliyotokana na mkono wa kijana wa Dowlais. Kuacha mashine bila kinga kungali kosa la jinai, ikiwa mkaguzi atapita na kushtaki. Aliyekatwa, akitaka fidia mahakamani, sharti athibitishe uzembe wa mwajiri. Wabunge wachache walilipigia kelele jambo hilo. Magazeti karibu hayakulitaja.

Sheria za London hazikuishia London. Tanganyika na Kenya zilipata sheria zao za viwanda mwaka 1950, zikifuata kwa karibu muundo na maneno ya ile ya 1937, na kifungu cha kinga imara kikasafiri nazo hadi kwenye mashine za katani na vinu vya sukari. Tanzania iliibadilisha mwaka 2003, kisha ikatunga sheria ya fidia mwaka 2008 na mfuko wake. Kenya ilifanya yote mawili mwaka 2007, na sheria yake ya fidia ikamfungia mfanyakazi mlango wa kumshtaki mwajiri mahakamani: alipwe kwa jedwali, basi. Wanasheria walipinga. Mahakama ya Juu ya Kenya ilikubaliana na Bunge Desemba 3, 2019.

Kuna sheria moja ya Uingereza ambayo haikusafiri. Mwaka uleule wa 1897, pamoja na sheria kubwa ya Chamberlain, Bunge lilipitisha sheria fupi kabisa juu ya mashine za kukatia majani ya mifugo zinazoendeshwa kwa nguvu isiyo ya mkono wa mtu. Ilitaka mambo mawili: mdomo wa kulishia uundwe hivi kwamba mkono usiweze kuvutwa hadi kwenye visu, na gurudumu na visu vifunikwe wakati wote mashine ikiwa kazini. Katika maboma ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Kiambu, Meru na Moshi, mashine ya jinsi hiyo sasa huendeshwa kwa mota au injini ndogo, na nyingi zimeundwa na mafundi wa jua kali, mdomo wazi, visu vikionekana. Jioni, majani ya napia yakishafika, anayelisha mashine mara nyingi ni mama wa nyumbani au mtoto aliyerudi shuleni. Sheria ya fidia ya Kenya humlipa mwajiriwa, na mtoto anayekata majani ya ng'ombe wa baba yake si mwajiriwa wa mtu.